Kumbe Mguu Ulikuwa Unaumwa!

Miaka nenda miaka rudi unachechemea kimyakimya, unapaka dawa ya kuchua, unavaa kiatu, maisha yanaendelea. Halafu siku moja daktari anaiangalia picha ya eksirei na kutamka neno ambalo hukulitarajia: upasuaji. Nyumbani unaanzia wapi?

Unamjua mdada huyu. Kwenye sendofu yeye ndiye anayeingia wa kwanza na kuondoka wa mwisho, juu ya mchuchumio wa inchi nne, sare imemkaa, kucha zimepakwa rangi ya kufanana na kitenge. Anacheza, anahudumia wageni, anawapanga watu wa keki. Ikifika saa nne usiku utamwona amekaa kidogo pembeni, mkono umeteremka chini ya meza kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Hajaangusha kitu. Anakivua kiatu nusu, anaminya kidole gumba, anakunja uso sekunde mbili, anakivaa tena na kurudi ukumbini. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Aa, kamguu tu, si unajua viatu vipya."

Viatu si vipya. Ni vile vile vya harusi ya mwaka juzi.

Tumezoea kusikia upasuaji wa ghafla ukihusu ajali ya bodaboda, kidole tumbo au mtoto aliyegoma kutoka. Huu wa mguu ni wa ghafla kwa namna yake. Maumivu yana miaka sita au saba, mwenyewe anayajua hadi saa yanapoanza, lakini hakuna mwingine mwenye habari. Kwa hiyo daktari anaposema inabidi kupasua, hashtuki mgonjwa peke yake. Anashtuka mume aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, anashtuka bosi, wanashtuka watoto. "Kumbe mguu ulikuwa unaumwa?" Kasheshe yenyewe huanzia hapo, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Ila kwanza tuutazame mguu wenyewe, maana wengi wetu hatuujui.

NUNDU SI NYAMA

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na kila unyayo una 26. Yaani robo ya mifupa yako yote iko chini huko, inakanyaga lami ya jua kali na ngazi za ofisini. Kiatu chenye kisigino kirefu huusukuma uzito wa mwili mbele, kwenye mashina ya vidole, na kama ncha yake ni nyembamba, vidole vitano vinabanwa mahali pa vitatu. Kidole gumba kinaanza kuegemea wenzake. Mfupa ulio nyuma yake unasogea upande wa pili, na pale kwenye kiungo panatokeza nundu.

Watu hudhani nundu hiyo ni nyama, au mfupa uliojiotea tu. Hapana. Ni kiungo chenyewe kimetoka kwenye mstari. Ndiyo maana dawa ya kuchua, maji ya moto yenye chumvi na kitambaa cha kufunga usiku vinaweza kutuliza maumivu, lakini haviurudishi mfupa mahali pake. Vile vidude laini vya kuweka katikati ya vidole navyo ni hivyo hivyo: vinapunguza msuguano, havinyooshi.

Wala tusiibebeshe michuchumio lawama zote. Kuna ukoo pia. Mtazame mama yako akiwa amevua viatu, mtazame na bibi. Kama wote kidole gumba kimelala upande mmoja, basi na wewe ulizaliwa na mguu unaoelekea huko, na kiatu cha kubana kinaharakisha tu safari. Wanawake hupata tatizo hili zaidi kuliko wanaume. Na kuna jambo ambalo wajawazito hawaambiwi kliniki: baada ya kujifungua, hasa uzazi wa kwanza, mguu wa mama unaweza kurefuka na kubaki hivyo hivyo. Uliolewa ukivaa 38, sasa mguu ni 39, kabati bado ni la 38.

Halafu kuna mtumba. Sisemi tusinunue, mimi mwenyewe Karume nakujua vizuri. Lakini kiatu cha mtumba kina mambo mawili. Kwanza, kimeshakunjwa na mguu wa mtu mwingine. Soli imelika upande aliokuwa anaukanyagia yeye, na wewe unaingiza mguu wako kwenye umbo lake. Pili, mtumba hauna saizi mbili. Ukikipenda ni hicho hicho kimoja, kikibana unajiambia kitatanuka. Kiatu cha ngozi kinaweza kulegea kidogo kweli. Kile cha plastiki hakitanuki, mguu ndio utakaojikunja.

Na kaka zetu msicheke. Viatu vya mchongoko mlivaa na nyinyi, na ule uvimbe wa kidole gumba unaowaamsha saa nane za usiku mara nyingi ni gauti, si "kujigonga tu" kama mnavyowaambia wake zenu.

SI KILA MAUMIVU YANAENDA CHUMBA CHA UPASUAJI

Niseme hili mapema kwa sababu woga wa kisu ndio unaowaweka watu mbali na daktari. Maumivu mengi ya mguu hayahitaji kisu kabisa. Ukiamka asubuhi na hatua ya kwanza kisigino kinachoma kama umekanyaga msumari, kisha ukitembea kidogo panalegea, huo mara nyingi ni ule utando mgumu unaoshikilia unyayo. Wengi hupona bila upasuaji kwa mazoezi ya kunyoosha unyayo na misuli ya nyuma ya mguu, kwa kubadili viatu na kwa subira, ingawa inaweza kuchukua miezi mingi. Ukihisi kama kuna kijiwe ndani ya kiatu chini ya vidole, unavua, unakung'uta, hakuna kitu, huenda ni mshipa wa fahamu umebanwa katikati ya mifupa. Nao huanza kutibiwa kwa kiatu kipana.

Ukucha ulioota ndani ni habari nyingine. Hapa nina ugomvi kidogo na wale vijana wa rangi za kucha wanaopita mitaani na beseni na kikapu. Rangi wanapaka vizuri, sikatai, na bei zao ni za kibinadamu. Lakini akianza kuchimba kona za ukucha wa kidole gumba, au akitoa wembe akwangue sugu, mwambie asante kaka, inatosha. Ukucha wa mguu hukatwa kwa mstari ulionyooka. Ukichimbwa kona unaota kuelekea kwenye nyama, panavimba, panatunga usaha, na mwisho wake daktari anapiga ganzi ya kidole na kukata kipande cha ukucha hadi kwenye shina. Ni upasuaji mdogo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila ni upasuaji.

Kuna mambo mawili ya kutisha, na hayo hayasubiri mwisho wa mwezi. La kwanza ni mguu unaochoma, unaofanya ganzi au usiohisi kitu. Unaweza kuwa mguu wa kisukari, na wapo wanaogundua kwamba wana kisukari kwa sababu ya kidonda cha mguuni ambacho hakikupona. Mguu usiohisi unaweza kukanyaga kipande cha chupa mwenyewe asijue, au kuingia kwenye beseni la maji ya moto na kuungua bila kusikia. Takriban watu 85 kati ya 100 wenye kisukari wanaokatwa mguu walianza na kidonda. Kidonda kile, kama kingeshughulikiwa wiki ya kwanza, pengine kingeishia kwenye bendeji.

La pili ni doa jeusi. Mwaka 1977 Bob Marley alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, kilichodhaniwa ni cha kuumia mpirani. Ikaonekana ni saratani ya ngozi. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, ikafanyika tiba ndogo zaidi. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Saratani ya aina hii, inayokaa kwenye nyayo na chini ya kucha, ndiyo aina ya melanoma inayowapata zaidi watu weusi. Mistari myeusi kwenye kucha za watu weusi mara nyingi haina madhara, kwa hiyo usipaniki. Ila ukiona mstari mpya kwenye ukucha mmoja tu, unaotanuka, au kidonda kisichopona, futa rangi ya kucha na uende ukaonekane.

Na tafadhali, punguzeni diklofenaki. Imekuwa kama peremende. Kuimeza miaka na miaka bila daktari kunaumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na mbaya zaidi inaunyamazisha mguu ambao ulikuwa unajaribu kukuambia kitu.

SIKU UNAPOAMBIWA

Turudi kwa mdada wetu wa sendofu. Kaingia kwa daktari wa mifupa, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), KCMC kule Moshi, Bugando Mwanza au hospitali nyingine yoyote yenye mtaalamu huyo, akitarajia kuandikiwa dawa. Ametoka na tarehe.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba nundu haipasuliwi kwa ajili ya urembo. Kama haiumi na unatembea vizuri, daktari mwenye busara atakuambia nenda kabadili viatu. Akisema upasuaji, ina maana kiungo kimeharibika kiasi cha kukunyima usingizi au mwendo. Hata hivyo una haki ya kuuliza. Muulize atafanya nini hasa, maana ziko njia nyingi. Ile ya kawaida ni kuukata mfupa, kuuzungusha hadi kwenye mstari na kuushikilia kwa skrubu ndogo. Muulize kama ni ganzi ya mguu, ya mgongoni au nusu kaputi. Muulize tatizo linaweza kurudi? (Linaweza, hasa ukirudia viatu vile vile.) Muulize pia nini kitatokea usipofanya sasa. Ukitaka kumwona daktari wa pili, kamwone, si utovu wa adabu. Na kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, hakikisha bima yako imeshatoa kibali. Mshtuko wa bili ukiwa na magongo mkononi si mchezo.

Kama miguu yote miwili ina tatizo, madaktari wengi hupendelea kuanza na mmoja. Usiwe na haraka. Unahitaji angalau mguu mmoja wa kukuamini.

Mfupa unachukua takriban wiki sita kushika. Wiki mbili za mwanzo mguu unakaa juu, juu kabisa kupita usawa wa moyo, si kwenye kigoda cha sebuleni. Nyuzi hutolewa karibu na mwisho wa wiki hizo mbili. Kiatu maalumu chenye soli ngumu, au plasta, inategemea ulichofanyiwa. Uvimbe ndio unaowachosha watu: unaweza kukaa miezi mitatu, sita, hata zaidi, na jioni unazidi. Wavuta sigara wajue kwamba mfupa wao hushika polepole zaidi.

WIKI SITA NDANI YA NYUMBA

Sasa tufike kwenye lile ambalo fomu ya hospitali haina nafasi yake.

Wanawake wengi huficha maumivu ya mguu kwa sababu mguu hauna heshima ya ugonjwa. Ukiwa na malaria unaruhusiwa kulala, watu watakuletea uji. Ukisema mguu unauma utaambiwa, "Si uvue hivyo viatu." Basi unanyamaza. Unamka saa kumi na moja, unasimama jikoni, unasimama kwenye daladala, unasimama dukani au darasani au kaunta ya benki, unarudi unasimama tena jikoni. Nyumba nzima inaendeshwa na mguu ambao hakuna anayejua kwamba umechoka.

Kwa hiyo mume anaposikia upasuaji, usishangae akikasirika kabla hajakuhurumia. Hasira yake ina sababu, hata kama inakera. Anajiuliza: miaka saba huyu ananificha, nini kingine sikijui? Mwingine atakimbilia lawama, "Ni viatu vyako hivyo, nilisema mimi." Ukijibu kwa moto hapo mtagombana kuhusu viatu wiki nzima, na tarehe inakaribia. Nenda naye kliniki. Mwonyeshe ile picha ya eksirei. Mwanaume ambaye hakuelewa maneno yako ya miaka saba anaweza kuelewa picha moja kwa dakika mbili, ndivyo walivyo, tufanyeje. Mwache amuulize daktari maswali yake mwenyewe. Akitoka hapo huo ni upasuaji wenu.

Kisha kaeni na kalamu, mpange mambo ya aibu ndogo ndogo. Choo kwanza. Kama nyumbani ni choo cha kuchuchumaa, mtu mwenye mguu mmoja wa kukanyagia hawezi, na kuanguka chooni kunaweza kuvunja kazi yote ya daktari. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao kikakaa juu ya tundu; kitengenezwe kabla, si siku umerudi. Bafuni weka kiti cha plastiki na ufunge bendeji kwa mfuko wa nailoni. Mkeka unaoteleza uondoke. Kama mnakaa ghorofa ya tatu bila lifti, fikirieni wiki mbili kwa dada au shangazi anayekaa chini.

Nani atakuogesha? Swali hili linaziba watu midomo. Wapo wanaume wanaofanya bila neno, na wapo ambao mikono inawatetemeka kumshika beseni mke wao kwa sababu hawajawahi kumwona akiwa hajiwezi. Mpe nafasi ajaribu kabla hujampigia mama simu. Kuna ndoa ambazo hazijawahi kukaa pamoja mchana kutwa tangu fungate. Mkikaa wiki mbili, mguu juu ya mito miwili, yeye anakuuliza chumvi inawekwa kabla au baada, mtasikia mambo ambayo hamkuwa na muda wa kuambiana. (Na lile swali ambalo mnaona aibu kumuuliza daktari: tendo la ndoa halikatazwi kwa sababu ya kidole gumba, ilimradi maumivu yametulia na mguu hauelemewi wala haugongwi. Mito ina kazi nyingi.)

Mama mkwe akija kusaidia, mshukuru, kisha mpe eneo lake. Jikoni ni kwake wiki hizi. Akipanga sufuria anavyojua yeye, sufuria zitapangwa upya baadaye. Dada wa kazi naye asibebeshwe kila kitu bila nyongeza; kazi yake imeongezeka maradufu na anaona. Watoto wa miaka kumi wanaweza kutandika na kuosha vyombo, hawafi.

Vigumu kuliko vyote ni kukaa. Mwanamke aliyezoea kuwa mguu wa nyumba akiona vumbi chini ya kochi atainuka. Siku ya nne maumivu yakipungua atasema ngoja niangalie mboga tu. Hiyo "tu" ndiyo ile ile ya "kamguu tu". Mwenye jukumu la kumwambia "keti" ni mtu mmoja aliyekubaliwa mapema, na akisema, asibishiwe.

KAZI NA HELA

Kwa aliyeajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa, ukishatimiza miezi sita kazini, siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unachotakiwa kuwa nacho ni cheti cha daktari. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo usiende kwa bosi kama unayeomba fadhila. Mwambie mapema, mpe tarehe, mpendekeze atakayeshika nafasi.

Aliyejiajiri hana sheria hiyo. Mwenye saluni, mama lishe, fundi cherehani, mguu wake ndio mtaji. Kwake tarehe ni kila kitu: asipasuliwe mwezi wa harusi na sikukuu, aseme na mwenzake wa kushika biashara, na aweke akiba ya wiki nane ili sita zimtoshe. Fundi wa cherehani ya kukanyaga aulize mapema lini ataruhusiwa kukanyaga. Mwenye gari asiwahi usukani. Kama ni mguu wa kulia, mpaka aweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita, na daktari akubali.

NA VIATU JE?

Vitarudi, ila kwa utaratibu. Miezi ya mwanzo ni raba pana na kobazi za mikanda. Nunua viatu jioni, wakati mguu umevimba kidogo, na upime mguu mkubwa kwanza maana miwili hailingani. Simama juu ya karatasi, chora unyayo wako kwa kalamu, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza nje ya kiatu, kirudishe dukani hata kama ni kizuri vipi. Mchuchumio wa saa mbili kwa ajili ya picha za harusi, baada ya daktari kuruhusu, hauui mtu. Beba ndala kwenye mkoba na ubadilishe muziki ukianza.

Vile vya zamani, vya ncha nyembamba, najua utataka kumpa mdogo wako. Kabla hujampa, mwambie avue soksi umwangalie kidole gumba. Mama yenu ni mmoja.